Leo Sitemi

Wafubwa kaja na chupa ndani ya bahasha ya kaki,
kama mtu aliyebeba majibu ya hospitali.
"Elfu moja mia mbili, duka la jumla, nyuma ya stesheni.
Wewe umeonja chai miaka thelathini na mmoja.
Niambie kama nimenunua maji."

Lebo ina ngome, na mwanamume aliyevaa marinda.
Hilo silitii maanani. Lebo hainywewi.

Natoa bakuli jeupe la kaure, lile nililostaafu nalo,
na maji ya mvua; ya bomba hapa Nakuru
yamewapaka wajukuu wangu meno ya rangi ya chai,
sitaki yaingilie kesi ya watu.

Pua kwanza.
Ganda la chungwa lililosahauliwa dirishani.
Sukari guru ya Kakamega, ingali na majivu chini.
Kisha, mbali, kama jirani wa nyumba ya tatu akipika,
moshi: kibuyu cha mama
siku ya pili baada ya kukisugua kwa mkaa wa senetwet.
Sikutarajia kumkuta humu.

Nafyonza kwa kijiko, kwa kelele ya kiwandani.
Tapkigen anafunga mlango wa jikoni.

Ulimi unasema: tamu, halafu kali, halafu wapi?
Katikati pana kiti kitupu.
Nafaka changa inang'ata ncha, pipa halikuimaliza kuifunza adabu,
na mwisho wake unaondoka upesi
kama mgeni aliyeacha bodaboda ikinguruma langoni.

"Basi ni feki?"
"Si feki. Ni mchanganyiko."

Nikamweleza, ingawa hakuuliza:
mimi nilichanganya jani la Kaimosi na la Nandi,
la masika na la kiangazi,
ili mama wa Gilgil anayenunua pakiti ya shilingi kumi
asijue kwamba mwaka huu mvua ilichelewa.
Ndiyo kazi yenyewe: kuficha mvua.
Hakuna aliyewahi kuniandikia barua
kwa kuwa Jumatatu ilikuwa na ladha ya Ijumaa.
Na huko kwenye baridi yuko mwenzangu, pua nyekundu,
naye hajaandikiwa.

"Alama?"
"Sita. Tia kijiko cha maji, sita na nusu."
Uso ukamshuka. "Sita tu?"
"Wafubwa, chai ya sita ndiyo iliyosomesha watoto wangu.
Ile ya tisa ilipanda meli, sikuiona tena."

Taya langu, kwa mazoea, likaanza kutafuta ndoo.
Miaka yote hiyo kila kizuri kilipita ulimini
nikakitema.
Ndoo yenyewe sasa ina miche ya sukuma, huko nje.

Nikameza.
Ikashuka polepole, ikiuliza njia.

Wafubwa akachungulia bakuli. "Bado ni sita?"
"Ngoja," nikamwambia. "Ingali inatembea."