Mizani ya Karafuu

Mizani ya uwanja imekufa,
Sajini Faki kaazima ya karafuu
kutoka ghala la Wawi.
Makadeti twapanda mmoja mmoja, buti mkononi.
Mize: kilo arubaini na moja.
Shaame: hamsini,
pamoja na mkate wa ajemi alioficha mfukoni.
"Ndege ya viti vinne haibebi siri," asema Sajini,
na mkate anaukata vipande, tunagawana.

Kwenye benchi tunafunga mkanda,
tunafungua, tunafunga tena,
macho tumefumba.

Zamu yangu. Mshale unatetemeka, hautulii.
"Simama wima, Riziki."
Nimesimama.
Ni moyo.

Chini ya nyayo zangu
harufu ya mavuno ya mwaka jana
imeshatangulia kupaa.