Ziara ya Siku Moja, Chakula cha Mchana Kimo

Tiketi ilisema: kuondoka Nagasaki saa mbili na robo,
kurudi kabla ya magharibi, taulo utapewa.
Haikusema kwamba mama angebadili nia
mara tatu kabla hatujafika kituoni,
wala kwamba angevaa kabuti la baridi
mwezi wa tano.

Bi Kuwabara, mwongozaji, glavu nyeupe,
sauti iliyonyooshwa kwa pasi,
alihesabu vichwa: ishirini na tisa.
Akahesabu tena. Akatabasamu.
"Kulia kwenu, ghuba. Kushoto, mlima
uliolala karibu miaka mia mbili,
ukaamka mimi nikiwa darasa la tano."
Akanyamaza, mkono bado uko hewani,
glavu ikielekea kipara cha mawe
juu ya kijani kibichi.
"Nyumba ya mjomba wangu ilikuwa upande ule.
Sasa ni shamba la viazi. Vitamu," akasema,
"mtavila mchana."

Moto huzaa jivu, sawa,
lakini jivu nalo likipewa muda.

Mama alifuta kioo kwa kiganja,
akautazama mlima mpaka kona ikautia mfukoni.

Tukashuka Jehanamu. Ndilo jina lake,
limeandikwa kwenye kibao
pamoja na mshale wa kwenda chooni.
Ardhi nyeupe kama ukoko wa wali uliosahauliwa motoni,
inatokota, inacheua, inasengenya chini kwa chini.
Kiberiti kinang'ang'ania nywele.
Paka amelala juu ya jiwe lenye joto,
hana habari na dhambi ya mtu.
Bwana Orita wa kiti cha nyuma
alinunua mayai yaliyoivishwa kwa mvuke ule,
akamgawia kila mmoja, hata dereva,
na chumvi kidogo katika kikaratasi.
Mama alimenya lake polepole mno,
kama anayefungua bandeji.

Halafu maji.

Chumbani, mbele ya vikapu,
wanawake wa basi letu walivua kimoja kimoja:
soksi, mikanda, saa, soni.
Mama alisimama na kabuti lake.
Tangu kisu kimpitie hajamwonyesha mtu,
hata mimi niliyenyonya pale.
Miezi minane alikificha kile kivimbe,
akisema ni umri, ni ulalaji mbaya.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
kwake kifo kilipita mlangoni
kikachukua rehani.

"Tangulia," akaniambia. "Nitalinda mizigo."
Mizigo haikuhitaji mlinzi.

Nilizama hadi shingoni, maji meupe kama maziwa,
mvua ya manyunyu ikidondoka kwenye paji la uso.
Nikahesabu. Nikapoteza hesabu.
Kisha mlango ukakwaruza, akaja mama,
taulo dogo amelibana kifuani kwa mikono miwili,
akatia mguu mmoja.

"Taulo haliingii majini!"
Ni Bi Kiriyama, miaka themanini na ushee,
macho yamefumbwa, kidevu juu ya maji.
Hakufumbua hata jicho moja. Kanuni ni kanuni.

Mama alibaki hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.
Nilitaka kumjibu yule bibi. Ulimi ulikataa.
Kisha mama akaliinua taulo, akalikunja mara nne,
akaliweka kichwani
kama wafanyavyo wenzake wote.
Nikaona. Mstari mmoja wa waridi,
mlalo, mfuko ulioshonwa mdomo.
Ni hicho tu.
Akashuka, maji yakamfika, akatoa sauti
ambayo sijaisikia tangu baba angali hai,
nusu kuguna, nusu kucheka.

"Ya moto," akasema.
"Ndiyo kazi yake," akajibu Bi Kiriyama.

Jioni Bi Kuwabara alihesabu vichwa,
akahesabu tena, mmoja haupo.
Tulimwona anakuja mbio kutoka kibandani,
nywele mbichi, blauzi ya mikono mifupi,
na kabuti amelifunga mikono kwa mikono,
limevimba, limejaa viazi.