Kartoni ya Tisa

Kaka yangu Mwilambwe aliacha kartoni tisa
juu ya kabati, kule Katuba,
kila moja na picha ya garimoshi ubavuni
na gundi yake ya kiwandani, haijaguswa.
Miaka thelathini alichomelea mabehewa karakana ya reli,
mikono ikanuka chuma hata siku ya Pasaka,
na mshahara ukichelewa, kisha ukija,
alikwenda kwa padri mmoja mzee
kununua garimoshi ambalo hatalitazama.

Tulimcheka. Shemeji alicheka kwa uchungu:
bukari na mlenda siku nne mfululizo,
na dola kumi na mbili zimelala juu ya kabati.
"Ukifungua, umeliua," alisema Mwilambwe.
"Mle ndani ni mpya.
Nionyeshe kitu kingine kipya mtaa huu."

Mimi nilikuwa upande wa wanaofungua.
Zawadi naichana kwa meno.
Kitu kisichoguswa, nilimwambia,
ni samaki uliyemlipia ukamwacha sokoni.

Wiki tuliyomzika, mvua ya kwanza ikanyesha,
mchwa wakaanza kupanda kabati.
Nikasimamisha miguu yake minne
ndani ya makopo ya mafuta machafu,
nikamwita Tshilumba wa Kamalondo, mnunuzi wa vya kale.

Akaja na tochi na mizani ya kupimia dagaa.
Iliyofungwa, dola sabini.
Iliyofunguliwa, kumi na tano,
hata kama haikupungua parafujo,
hata kama taa yake inawaka.
Nikamwuliza: unanunua garimoshi au gundi?
"Gundi, mama. Magarimoshi yako mengi."

Nane zilikuwa sawasawa: gramu mia nne na kumi.
Ya tisa, mia tatu na ishirini.
Akaifuta mizani kwa shati, akapima tena.
Akaigeuza kartoni, akamulika chini:
mshono mweupe, wenye magamba.
Akaukwaruza kwa ukucha, akanusa.
"Huu ni uji wa unga. Mtu wenu aliifungua, akaifunga.
Sinunui mbuzi kwenye gunia,"
akasema mtu aliyekwisha kunihesabia fedha
za magunia manane.

Nilikuwa na miaka saba nilipougua surua.
Mwilambwe, bado mgeni kazini,
aliniletea garimoshi jeusi la mstari mwekundu.
"Nimeliokota karakana," alisema.
Macho yalikuwa yamegandana, nililijua kwa vidole:
magurudumu kumi, kengele ndogo kuliko punje ya mtama.
Lilisafiri juu ya blanketi, juu ya mbavu zangu,
kutoka Sakania mpaka Dilolo,
likipumzika kitovuni kupakia makaa.
Nilipopona nikatoka nalo nje.
Mwezi haukuisha, mtaro ukalibeba.
Nililia mimi. Yeye hakugomba.
"Chuma cha kuokota," alisema,
na akaingia ndani, akakaa kidogo.

Basi najua kilichotoka.
Sijui alichoingiza.
Kartoni tupu haifiki gramu mia tatu.
Nikiitikisa haisemi chuma,
inasema kitu kinachoteleza, kinagota, kinatulia.

Nane zimekwenda. Zimelipa jeneza,
zimelipa karo ya Kabwe muhula mmoja na nusu.
Shemeji hucheka sasa upande mwingine:
"Wewe si ndiye mfunguaji?"
Ndiyo, ni mimi.

Jana nilichukua kisu cha mboga,
nikaulowesha mshono kwa kidole.
Ule uji wa zamani ukalainika,
ukatoa harufu ya sufuria iliyosahaulika usiku,
na ncha ya kisu ikaingia kiasi cha ukucha.

Nikakichomoa.

Leo nimeongeza mafuta kwenye makopo yote manne.