Sehemu ya Kumi na Moja

Kazi yangu ni kuchora vitu ambavyo bado havijawa.
Chumba kimoja, Mwembe Tayari, juu ya duka la betri,
meza ambayo zamani ilikuwa mlango wa mtu,
rula, wino mweusi, na fomu za hataza
zinazouliza kwa sauti ya mahakama:
Unadai nini?

Wengi hudai vidogo.
Shekuwe, fundi miwani wa Kibokoni, anadai kikombe
kama kastabini ya mshonaji,
kinachokaa juu ya jicho na kuishika chupa wima
ili tone la dawa liingie ndani,
lisiteremke shavuni kama chozi la bei ghali.
Mikono ya mamake hutetemeka.
Hilo halikuwa na pa kuandikwa.

Ndugu wawili wa Changamwe wanadai mafuta mazito,
mekundu, yanayokatwa kwa kisu kama halua,
ya vifuu na maganda ya korosho,
yawakayo hata yakilowa,
kwa usiku ule wa mafuriko
stima imepotea na jenereta imekata roho.
Walitia kipande kwenye sufuria ya maji,
kikaelea kikiwaka.
Paka wa jirani alikitazama, akakataa kuamini, akatoka.

Kisha akaja Mbodze Karisa, bado ana viatu vya kazi,
vile vyeupe visivyo na kishindo.
Miaka kumi na minane chumba cha upasuaji.
"Mimi sijui kuchora," alisema, akakunjua bahasha ya dawa:
trei, vishikizo ishirini, kila shashi na kishikizo chake,
na kufuli.
Uzi wa mshono wa mwisho umefungiwa humo.
Hautoki mpaka shashi zote zirudi, zimelowa,
kila moja mahali pake,
kama wanachuo wakiitwa majina.

"Kwani hamhesabu kwa mdomo?"
"Mdomo huchoka. Saa tisa za usiku
mtu huhesabu anachotaka kukisikia."

Nikashika fomu. Jina la mvumbuzi?
"Saumu Chengo."
Ndiye nani?
Akageukia dirisha.

Muuza mahamri, Mshomoroni, watoto watatu.
Alishonwa vizuri, mshono umenyooka kama pindo la leso.
Tulihesabu: ishirini.
Wiki ya sita akarudi na homa, tumbo gumu kama ubao.
Zilikuwa kumi na tisa.
"Aliyevumbua ni yeye. Mimi nilihesabu tu."

Fomu inataka sahihi.
Aliye udongoni hatii sahihi.
Nikaandika Mbodze, naye akainama juu ya karatasi
kama mtu anayekiri deni,
na mimi, niliyeandika neno hilo mara mia,
dai la kwanza, dai la pili, dai la tatu,
ndipo nikalisikia.
Kumbe lina ncha mbili.
Hudai asiyedaiwa?

Usiku ule nilichora Mchoro wa Pili.
Vishikizo nikavitia namba, saba, nane,
tisa, kumi,
kumi na mbili.
Kalamu iliruka yenyewe, au niliiachia.
Pakabaki peupe, upana wa ukucha.

Miezi saba imepita. Leo barua imefika kutoka Nairobi,
ina muhuri wa buluu na adabu zake zote:
Katika Mchoro wa Pili, sehemu ya kumi na moja haionekani.
Tafadhali fafanueni.

Nimemsomea Mbodze kwa simu.
Nyuma ya sauti yake nasikia bomba,
anasugua mikono, vidole, viganja, mpaka viwikoni,
zamu inaanza.
Maji yanatiririka muda mrefu.
Halafu yanafungwa.

"Waandikie," anasema,
"kwamba wameona sawasawa."