Naitangulia Miavuli

Dakika ishirini na sita kupanda,
tano kushuka.
Riziki yangu imo katika tofauti hiyo.
Bosi huhesabu mafuta kwa lita,
mimi kwa masikio yanavyoziba.

Asubuhi kiwanjani Wawi, nyasi zina umande,
fundi Khatib keshaung'oa mlango
na viti vyote isipokuwa changu.
"Leo unao wangapi, Asaa?"
Wanne. Vijana wawili wanaojuana na hewa,
na Sudi, amejifunga kifuani
mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Tanga,
bibi wa miaka sitini na mbili,
aliyeniuliza mara tatu kama nami nitaruka.
Hapana, bibi.
Lazima abaki mtu wa kurudisha gari.

Futi elfu kumi.
Pemba imekunjamana chini,
kitanda cha kijani kisichotandikwa.
Napunguza moto, ndege inasita,
Sudi ananyanyua kidole gumba.
Wa kwanza. Wa pili.
Mwalimu anashika ukingo, ananitazama,
anafungua kinywa kama anayetaka kusahihisha kitu,
kisha hayupo.

Ndege inanyanyuka
kama punda aliyetuliwa gunia.
Nabaki na upepo, na mkanda unaopigapiga sakafu,
na kiatu kimoja cha mwalimu, cha kushoto.

Hapa sasa ndipo kazi.
Asiyejua hukata moto mara moja.
Lakini chungu kikitoka jikoni
hakitiwi maji ya mtungi:
kitapasuka, na injini ni hivyo hivyo.
Navuta inchi, nangoja.
Navuta inchi,
jicho kwenye sindano ya joto,
halafu bawa la kushoto nalilaza
mpaka ardhi isimame dirishani kama ukuta
na kisiwa kizima kizunguke kwenye ncha yake.
Elfu nane. Nameza mate.
Elfu sita. Kiatu kinateleza hadi mguuni pangu.
Elfu nne,
na mikarafuu inanijia, kwanza ukungu,
kisha mti mmojammoja,
kisha majamvi uani, na mtu anayepindua karafuu
asiyeinua hata kichwa.

Mimi binti wa Faki Shaame.
Mtambwe, msimu ule mkubwa,
tawi lilimkatikia, ngoe ingali mkononi.
Futi thelathini, labda. Nani alipima?
Polo lilimwagika
nasi watoto tukaziokota karafuu, moja moja,
hatukujua tufanye nini jengine.
Nyonga haikurudi mahali pake.
Nilipompa habari ya kazi hii, aliuliza jambo moja:
"Kwani wanalipa kiasi gani?"
Nikamtajia.
Akacheka hadi akakohoa, akajishika ubavu.
"Na mimi mjinga
nilianguka bure."

Elfu moja. Nanyoosha bawa.
Magurudumu yanagusa, yanaruka kidogo, yanakubali.
Nikizima, kimya kinalia masikioni,
na miavuli bado iko juu,
mmoja mwekundu, unakuja taratibu,
mguu mmoja una kiatu.

Namngojea kwenye nyasi.
Anatua kwa makalio, anacheka, analia,
ananiona.
"Wewe! Umefikaje kabla yangu?"
"Nami nimeanguka, mwalimu,
ila nimekuja na kiti."
Namkabidhi kiatu. Ananibusu mkono,
mkono unaonuka mafuta.

Nyuma yangu simu ya Khatib inalia.
Sihitaji kugeuka.
Vitongoji, barazani, mzee mmoja
husikiliza injini ikibadilika sauti,
hushika fimbo, huhesabu hadi mia tatu,
kisha hupiga.
Miaka minne sasa,
hajauliza hata siku moja habari za wanaoruka.

"Ashashuka?"
"Ameshuka, mzee."
"Haya."

Na Khatib anafunga simu,
anaanza kujaza tangi.