Kopo la Sarafu

Ghorofa ya chini wanauza dawa,
ya pili wanang'oa meno,
ya tatu piano inarudia kosa lile lile tangu Machi,
ya nne watoto wanapiga mateke hewa,
ya tano ni sisi: tunauza Kiingereza
kwa saa, kwa mwezi, kwa mkupuo ukilipa mapema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilikabidhiwa pale pale uwanja wa ndege wa Daegu,
begi bado mkononi:
kalamu ya ubao, orodha ya majina,
na ratiba inayokwisha saa nne usiku,
saa ambayo sheria inaamuru taa zizimwe
na watoto wa miaka kumi na mitatu washuke ngazi
kama makarani waliokesha na hesabu zisizolingana.

Mkurugenzi Bong alilitazama jina langu kwenye pasipoti,
Sadhbh,
akazitazama zile konsonanti nne za mwisho
zilizosimama kimya kama wageni
wasiojua kubisha hodi.
Akacheka kwa adabu.
Akaagiza herufi za plastiki, akabandika mlangoni: SALLY.

Basi Sally akawafundisha Max na Tiffany,
ambao nyumbani ni Do-gyeom na Eun-byeol,
na hakuna aliyemdanganya mwenzake,
maana sote tulikuwa tumevaa sare.

Mezani pangu palikaa kopo la biskuti.
Kanuni: neno moja la Kikorea, sarafu moja, won mia.
Mwisho wa mwezi tunanunua piza.
Mshika kopo ni mimi.
Nililitikisa kwa utani, likalia, wakacheka,
na majani ya barabarani yalikuwa yameshakuwa manjano
siku niliposikia linalia kwa sauti gani.

Bibi yake bibi yangu, huko Connemara,
alivishwa kijiti shingoni akienda shule.
Kila neno la nyumbani lililomponyoka,
mkato mmoja wa kisu.
Jioni mwalimu aliihesabu mikato
na fimbo ikadai deni.
Ndiyo maana Kiingereza changu ni kizuri hivi.
Ndiyo maana nilipata kazi.

Alhamisi moja ya Novemba, Max,
ambaye hakuonekana darasani tangu Jumatatu,
alikuja mbele, akatumbukiza noti ya won elfu,
akaninyooshea vidole kumi.
Alikuwa analipa mapema, kama wazazi wake.
Kisha akawageukia wenzake, akasema
maneno kumi, niliyahesabu,
polepole, kama mtu apangaye vyombo usiku
asimwamshe aliyelala.
Nilishika moja tu: halmoni, bibi.
Hata piano ya chini ilinyamaza,
au ndivyo ninavyopenda kukumbuka.
Eun-byeol aliinua mkono anitafsirie,
akafungua mdomo, akaufunga.
"Ticha," akasema, "hayo ameyalipia yeye."

Nikapekua mfuko wa koti. Nikatumbukiza mia.
Nikasema neno moja la kwetu, la pole,
ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa kitabuni.
Juu ya kona, kamera ambayo mama zao huitazama kwa simu
haikupepesa jicho lake jekundu.

Nisidanganye: sikufukuzwa kwa hilo.
Nilifukuzwa mwezi wa kumi na moja, kama wengi,
wiki tatu kabla ya kiinua mgongo.
"Wanafunzi wamepungua," alisema Bong,
macho yake yakiwa kwenye boksi la matufaha
aliloniletea, kila tufaha limevishwa soksi ya sponji.

Nikatoka nalo. Mlangoni
fundi alikuwa keshaanza kubandua, kutoka kulia.
SALL. SAL. SA.
Hapo akasita kukuna kidevu,
na kwa sekunde chache mlango ule
ulikuwa njiani kuniita kwa jina langu.
Kisha akazibandua na hizo.