Bado Sijakura

Kabla ya neno lolote, mabuti.
Tunayapanga chini ya bomba la joto, yanachuruzika,
na chumba cha chini cha maktaba kinanuka sufu mbichi,
maganda ya chungwa, mafuta ya kuchua mabega.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Hapa Winnipeg baridi ndiyo salamu;
nimeanza kusahau kuuliza watu wameamkaje.

Wako saba leo. Bwana Kwok ana vidole vilivyochubuka,
akitoka hapa anakwenda kuosha vyombo hotelini.
Bi Lau Sau-ying, miaka sabini na mmoja,
daftari lake amelifunga ndani ya mfuko wa mchele.
Na mimi, mwalimu wao wa Kiingereza,
nilikipata Kiingereza kama koti la mtumba:
kimeshavaliwa, kikanipwaya mabegani,
nikakipunguza mwenyewe kwa sindano.
Wiki ya kwanza mmoja aliuliza, kwa adabu kabisa,
mwalimu atafika saa ngapi.
Nikamwambia ameshafika, anatafuta chaki.

Bi Lau anataka neno moja tu.
Mjukuu wake anaitwa Ryan. Ana miaka minne.
Bibi akiita, herufi ya kwanza inateleza, inaangukia L,
na mtoto anamjibu toka chini ya meza:
Mimi si simba.

Darasa linacheka. Bi Lau hacheki.

Kozini walinifundisha: chora kinywa ubaoni,
mshale hapa, ulimi usiguse kaakaa.
Nimeshika chaki. Sichori.

Niko Tabora, kidato cha kwanza, foleni ya maharage,
mtoto wa Majita nimetoka kusema kwa sauti:
Jamani, bado sijakura.
Bweni zima likaiokota herufi ile,
likanirushia miaka minne.
Nyabweke, umekura? Nyabweke, nenda karare.
Usiku nikawa najifungia chooni
kura, kula, kura, kula,
mpaka nisijue tena kama nina njaa
au nachagua mbunge.

Likizo ya kwanza mama aliniita, Njoo ure.
Nikamsahihisha.
Nilimsahihisha mbele ya wageni.
Aliupakua ugali, akanisogezea sahani,
hakusema neno mpaka vyombo vilipooshwa.

Haya yote namweleza Bi Lau
kwa Kiingereza chetu cha viraka,
Bwana Kwok akiruka na Kikantoni panapokwama.
Anasikiliza huku anamenya chungwa.
Mama yako alikula?
Alikula.
Anatikisa kichwa, kama mtu aliyehesabu chenji
akaikuta kamili.
Haya, sasa nifundishe.

Basi tunaunguruma.
Wazee saba na mwalimu, videvu viganjani,
tunaivuta R toka kooni kama ndoo kisimani,
mpaka kijana wa maktaba anachungulia
kuona nani anaumwa.

Saa mbili usiku, mlango wa juu.
Mtoto amefungwa nguo mpaka puani,
mabuti kayavaa kinyume, baba yake anatafuta funguo.
Bi Lau anasimama katikati ya ngazi, anapumua, anaita.
Sikusikia ni herufi gani.
Mlango ulikuwa wazi na upepo ulikuwa unaingia.
Mtoto aligeuka. Pengine ni sauti tu, pengine ni chungwa.

Kituoni basi limechelewa.
Musoma ni Jumatano alfajiri, mama ameshawasha jiko,
nasikia kuni zinapasuka ndani ya simu.
Haulizi habari za darasa. Anauliza kama nimekura.

Navua glavu moja ili nishike simu vizuri.
Bado, mama, nasema.
Bado sijakura.